Elimu ya Farasi na Waalimu Wake: Jawabu kwa Mzee Mmoja wa Mjini

Tumeletewa suali na mzee mmoja wa mjini kwetu, na kwa kuwa jambo lenyewe limekwisha semwa sana barazani, tumeona ni bora tulijibu kwa urefu katika darasa ya mwezi huu. Asema mzee huyu kwamba kijana wake, aliyekwisha khitimu Qur'ani na kusoma Safinatun-Najaa na sehemu ya Fat-hul-Qarib, amepata kazi Timau, kwenye mteremko wa Mlima Kenya, katika shamba lifugwalo farasi. Atakuwa saisi kwanza, kisha atafundishwa kupanda, na akifaulu atafundishwa kuwafunza farasi wachanga. Jamaa wamemjia mzee na maneno matatu. La kwanza, kwamba kazi hiyo ni kuzoa samadi, nayo haimfai mtoto wa ukoo wa elimu. La pili, kwamba farasi ni mchezo wa Wazungu, na sisi tumekatazwa kujifananisha nao. La tatu, kwamba nguo zake hazitakuwa tahiri wala sala yake haitasihi. Mzee auliza: amzuie au amwache?

Jawabu ni kwamba amwache aende, kwa masharti tutakayoyataja. Lakini jawabu hili fupi halitoshi, kwani maneno yale matatu yaonyesha namna tulivyoisahau elimu ambayo wazee wetu katika dini walikuwa ndio waalimu wake, hata leo tukiiona mikononi mwa wengine twadhani kuwa ni yao tangu asili.

Tuanze na farasi mwenyewe. Katika sura ya 100 ya Qur'ani Tukufu Mwenyezi Mungu ameapa kwa farasi wa vita. Katika Suratul-Anfal, aya ya 60, ameamrisha Waislamu wawaweke tayari farasi pamoja na kila nguvu waiwezayo. Na katika Suratun-Nahl, aya ya 8, amewataja farasi, nyumbu na punda pamoja, kuwa ni vipando na ni pambo. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa mpandaji hodari. Usiku mmoja watu wa Madina walishtushwa na kelele. Walipotoka kwenda kutazama, walimkuta yeye amekwisha rudi, amepanda farasi wa Abu Talha bila ya tandiko, upanga shingoni, naye akiwatuliza. Farasi yule alikuwa akisifika kwa uzito wa mwendo, na Mtume akamfananisha mwendo wake na bahari. Sisi watu wa pwani twajua maana ya mfano huo.

Na si kupanda tu. Wamepokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) kwamba Mtume aliwashindanisha farasi waliofanyiwa tadhmiri kutoka Hafyaa mpaka Thaniyyatul-Wadaa, masafa ya maili tano au sita, na wale wasiofanyiwa, kutoka Thaniyya mpaka msikiti wa Bani Zuraiq, kama maili moja. Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana. Tadhmiri, kama walivyoeleza wanavyuoni, ni kumlisha farasi mpaka anenepe, kisha kumpunguzia chakula kidogo kidogo na kumfunika nguo ndani ya banda atoke jasho, mpaka mwili wake ukauke na uwe mgumu. Angalia hekima iliyomo: yule aliyetayarishwa alipewa maili sita, na yule ambaye hakutayarishwa akapewa moja. Hakubebeshwa asiloliweza. Mwalimu yeyote wa farasi ulimwenguni leo akisikia habari hii atasema kwamba huyo aliyepanga alikuwa akiijua kazi.

Hapa inafaa tuonye juu ya maneno yanayosemwa sana mimbarini, ya kuwafundisha watoto kuogelea, kutupa mishale na kupanda farasi. Wengi huyanasibisha kwa Mtume, lakini mashuhuri ni kwamba yanaelekezwa kwa Sayyidna Umar (r.a.). Maana yake ni nzuri, lakini wema wa maneno hauyafanyi kuwa Hadithi.

Baadaye wanavyuoni waliandika vitabu vizima. Ibnul-Qayyim al-Jawziyya, aliyekufa mwaka 1350, ana kitabu kiitwacho al-Furusiyya. Abu Bakr ibn al-Mundhir, tabibu wa farasi wa Sultani an-Nasir Muhammad bin Qalawun wa Misri, aliandika juu ya sifa za farasi, mafunzo yake na maradhi yake. Mtu yule alikuwa akishika kwato kwa mkono wake, naye akihesabiwa katika watu wa elimu. Basi tuwaulize jamaa za mzee: ni ukoo gani wa elimu unaotukufu zaidi ya hawa?

Huenda mtu akauliza: ikiwa hali ni hiyo, mbona pwani yetu haina farasi, na tenzi zetu za vita zimejaa farasi ambao watungaji wengi hawakupata kuwashika hatamu? Sababu si uvivu wala upungufu wa dini. Sababu ni inzi. Mbung'o wa misitu ya pwani na bara yake huwatia wanyama maradhi yaitwayo nagana, na tena kuna tauni ya farasi inayoletwa na visubi vidogo vya usiku penye joto na maji. Kwa ajili hiyo misafara yetu yote ya kwenda Tabora na Ujiji ilibebwa mabegani mwa watu. Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 alikuwa na farasi wawili, mmoja katika hao ni zawadi ya Sayyid Barghash, na wote wawili walikufa siku chache tu baada ya kuanza safari. Mjini Unguja farasi waliweza kuishi, kwa wenye uwezo. Sayyida Salma binti Said, katika kitabu chake cha kumbukumbu kilichopigwa chapa mwaka 1886, aeleza kwamba watoto wa Sultani walifundishwa kupanda tangu wadogo. Wavulana wakipewa farasi, na wasichana punda weupe wa Maskati. Na baba yake, Sayyid Said, alipoipeleka jahazi yake as-Sultana mpaka New York mwaka 1840, katika zawadi za Rais wa Marekani mlikuwa na farasi wawili wa Kiarabu. Jamaa zetu walioko Oman wangali wameshika mpaka leo: ardha yao ya farasi na ngamia iliandikwa na UNESCO mwaka 2018 katika turathi za wanadamu. Na huku kwetu, Waborana, ambao wengi wao ni Waislamu wenzetu wa Isiolo na Marsabit, walikuwa mashuhuri kwa askari wao wa farasi, kwa kuwa nchi yao ni kavu na mbung'o hawapapendi.

Kwa hiyo farasi wa Timau hawako Timau kwa sababu ya Uzungu. Wako Timau kwa sababu ya baridi. Mji ule uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, katika njia itokayo Nanyuki kwenda Meru. Kusini una mlima wenye theluji, na kaskazini nchi yateremka kuelekea Isiolo. Nyasi ni nzuri na wadudu ni wachache, ijapokuwa hata huko farasi huchanjwa kila mwaka. Walowezi walipakuta mahali pema wakapatwaa, na hiyo ni habari nyingine yenye uchungu wake. Mmoja wao wa Nanyuki, Raymond Hook, alipata hata kuwazalisha farasi na punda milia wakubwa wa kaskazini ili apate mnyama wa kubeba mizigo mlimani. (Mtume alichukia punda kupandishwa juu ya farasi, juu ya punda milia wanafunzi wetu walibishana mpaka usiku, nasi tukawaacha.) Leo, katika hifadhi za Borana na Lewa zilizo jirani, wageni hulipa fedha nyingi wapande farasi katikati ya twiga na pundamilia, kwani wanyama wa porini hawamkimbii mtu aliye juu ya farasi kama wamkimbiavyo aendaye kwa miguu. Na wanaowatunza farasi hao, wanaowafunza na kuwaongoza wageni, wengi ni wananchi. Ni kazi yenye heshima na yenye ujuzi, nayo haina hirizi wala uganga. Mwenye kujifunza huijua.

Sisi tulifika Timau katika safari ya darasa zetu za Nanyuki, tukakaa siku tatu na waalimu wawili: bibi mmoja wa Kizungu aliyezaliwa huko huko, na Mmeru mtu mzima aliyeanza usaisi tangu ujana. Tuliyoyaona kwao ndiyo yaliyotufanya tuandike kwa urefu huu.

Somo la kwanza halina kupanda. Mwanafunzi hupewa ufagio. Hufagia banda, hubeba maji, hupiga brashi, huinua kwato moja moja na kuzichokoa uchafu na vijiwe kwa kijichuma kilichopindwa. Kijana wa mjini huona kwamba anatumikishwa. Lakini yule Mmeru alituambia kwamba katika kufagia ndimo mwanafunzi anamomjua farasi: ajua samadi ya mzima na ya mgonjwa, ajua nani amekunywa maji na nani hakunywa, ajua sikio likilala nyuma lina maana gani. Farasi hawezi kutapika. Tumbo lake ni dogo kwa mwili wake, akila vibaya chakula hakina pa kurudi, na msokoto wa tumbo waweza kumuua kabla ya alfajiri. Basi mwenye kuizoa samadi kwa macho yaliyo wazi ndiye mwenye kuokoa roho. Haya ndiyo majawabu ya neno la kwanza la jamaa.

Somo la pili ni namna ya kumwendea. Macho ya farasi yako pande mbili za kichwa, kwa hiyo huona karibu dunia yote inayomzunguka, isipokuwa sehemu ndogo mbele ya pua yake na nyuma ya mkia wake. Ni mnyama wa kuliwa na simba. Silaha yake ya kwanza ni mbio, na ya pili ni teke. Ukimwendea kwa nyuma kimya kimya umejifanya simba. Mwanafunzi hufundishwa kuja kwa ubavu, karibu na bega, huku akisema neno, na kuweka mkono kabla ya kuweka kitu chochote.

Kisha huja kamba ndefu. Mwalimu husimama katikati, farasi huenda duara, na mwanafunzi hukaa juu bila ya kupewa hatamu, hata vikuku vya miguu huondolewa. Kazi yake ni kukaa tu. Kwanza mwendo wa hatua, kisha matiti, ule mwendo wa kurusharusha tuujuao kwa punda, na shoti haiguswi mpaka baada ya siku nyingi. Tulipouliza mbona hapewi hatamu, yule bibi alisema kwamba mwanafunzi anayeogopa huzishika hatamu ili asianguke, na mwisho wa hatamu ni chuma kilichomo kinywani mwa mnyama. Kwa hiyo hofu ya mpandaji huwa ni maumivu ya mpandwaji. Hapewi hatamu mpaka aweze kujizuia kwa mwili wake mwenyewe. Tuliyakumbuka maneno haya njia nzima ya kurudi.

Na katika ajabu za Muumba ni kwamba kati ya meno ya mbele ya farasi na magego yake pana pengo, fizi tupu, na hapo ndipo lijamu inapokaa. Lakini kwa kuwa ni fizi tupu, mkono mzito hupajeruhi upesi.

Juu ya kuwafunza farasi wachanga, tulidhani tutaona vita. Zamani, na mahali pengi mpaka sasa, farasi mchanga hufungwa, hupigwa, hupandwa kwa nguvu mpaka achoke na akubali. Waalimu wale hawafanyi hivyo. Huanza naye kwa kugusa mwili mzima kwa mkono, siku baada ya siku. Kisha blanketi mgongoni. Kisha tandiko tupu. Kisha mtu hujilaza juu yake kwa tumbo, hashiki chochote, hushuka. Haanzi kubeba mtu kabla ya kutimiza miaka mitatu hivi, na kazi nzito huachwa mpaka baadaye, kwa kuwa mifupa ya mgongo ndiyo ya mwisho kukomaa, nayo hukawia mpaka kiasi cha miaka mitano na nusu au sita.

Siri ya kufunza waliieleza kwa neno jepesi. Mwalimu husukuma kidogo kwa mguu au huvuta kidogo kwa kamba. Farasi akitoa hata nusu ya hatua inayotakiwa, papo hapo mwalimu huachia. Farasi hafundishwi na ule msukumo. Hufundishwa na kule kuachiwa. Mwenye kusukuma na asiachie, au akachelewa kuachia, humfundisha kwamba kutii hakuna faida, na kesho atakuwa mkaidi. Kisha mtu huyo huenda akasema kwamba farasi ana tabia mbaya.

Mwenye kuisoma Sahih Muslim ataikuta asili ya jambo hili. Sayyida Aisha (r.a.) alipanda ngamia mwenye ukaidi, akawa akimrudisha huku na huku kwa nguvu, Mtume akamwamrisha upole. Na imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba Mtume alionekana akimpangusa farasi wake uso kwa nguo yake.

Hapa tuna neno na waalimu wenzetu wa vyuo. Tumeona katika mji wetu mwalimu ambaye bakora haitoki mkononi tangu alif mpaka ya. Mtoto akikosea hupigwa. Akipatia, hapana neno, husogezwa mstari unaofuata. Msukumo usio na kuachiwa. Kisha twashangaa kwamba amekhitimu na hataki tena kufungua msahafu. Mtoto ana akili na ana heshima ambazo mnyama hana. Basi ikiwa mnyama hafundishiki kwa kipigo kisichokwisha, ni vipi tukamfundishe kwacho mwana wa Adamu? Tunajua kwamba baadhi yenu mtachukizwa na maneno haya. Tunaomba mtujibu kwa hoja.

Turudi kwenye suali. Juu ya nguo na sala: katika madhehebu yetu ya Shafi, jasho la farasi ni tahiri, mate yake ni tahiri, na kwa kuwa nyama yake ni halali, kama ilivyothubutu katika Hadithi ya Asmaa binti Abi Bakr (r.a.), hata nywele zinazomtoka na kuganda katika nguo ni tahiri. Kilicho najisi kwetu ni samadi na mkojo. Na Imam Ahmad ameona hata hivyo ni tahiri kwa mnyama aliwaye. Basi kijana na awe na ovaroli na viatu vya kazi, aviache bandani, na awe na kanzu safi ya sala. Jambo hili lisimzuie mtu riziki yake.

Juu ya kujifananisha: tumekwisha onyesha ni nani aliyetangulia. Imebaki kofia ngumu ya kujikinga kichwa, ambayo tumesikia mtu akiiita kofia ya makafiri. Mwaka 1903 Waislamu wa Transvaal walimwuliza Sheikh Muhammad Abduh, Mufti wa Misri, juu ya kuvaa kofia za Kizungu, naye akajibu kwamba hapana ubaya ikiwa mvaaji hakukusudia kutoka katika dini, sembuse akiwa na haja nayo. Na haja gani iliyo kubwa kuliko kuhifadhi ubongo? Sisi twaona kwamba kijana akipanda bila ya kofia ile, naye anaweza kuipata, amejitia katika hatari aliyokatazwa.

Masharti yetu ni haya. Aandikiane na mwajiri ruhusa ya sala ya Ijumaa na Idi kabla ya kuanza, si baada ya kugombana. Ajitenge na kamari. Mashindano yenyewe ni sunna, na tuzo ikitolewa na mtawala au mtu wa tatu, au na mmoja tu wa washindani, ni halali. Lakini zile fedha wanazoweka watazamaji juu ya farasi fulani, kama ifanywavyo Nairobi katika kiwanja cha Ngong tangu 1954, ni maisiri iliyo wazi, na asikubali kuwa mpelekaji wa fedha hizo wala mtoaji wa siri za banda kwa wanaozicheza. Na asikubali kumpiga mnyama usoni wala kumtia chapa usoni, akiamrishwa na yeyote, kwani hayo yamekatazwa katika Sahih Muslim.

Tena tungependa kijana huyu ajifunze zaidi kwato na vidonda vya mgongo. Farasi hatakuwa kipando chetu huku chini, lakini punda tunao, na hali yao tunaiona. Punda wa kubeba mchanga na mawe hubandikwa tandiko juu ya kidonda kibichi, kwato zake zimekua mpaka zimepinda, na mtoto wa miaka kumi yuko nyuma na fimbo. Lamu wana hospitali ya punda tangu 1987. Miji mingine ya pwani haina mtu hata wa kukata kwato. Tumemwandikia mzee kwamba kijana akirudi likizo ya Ramadhani, darasa itamlipia nauli ya kwenda na kurudi ili akae siku mbili na wenye punda, awaonyeshe aliyofundishwa. Wenye punda wanaotaka kuhudhuria na wampe majina yao katibu wa darasa baada ya sala ya alasiri.

Suali la pili la mzee, juu ya zaka katika mshahara wa kijana, tutalijibu katika toleo lijalo, inshallah.